Utalii wa Pwani: Chagua mwamba kwanza, kitanda baadaye

LIKIZO ya Desemba inapobisha hodi, maelfu ya familia za bara hufungasha mizigo na kushika njia ya Pwani. Wengi huwa wamelipia vyumba miezi kadhaa kabla, wakivutiwa na picha za vidimbwi vya kuogelea na minazi iliyoinamia mchanga mweupe. Siku ya tatu au ya nne ndipo wanapokumbuka lile lililowatoa nyumbani: kuvaa miwani ya maji, kuuma mrija wa kupumulia na kuyaona matumbawe na samaki wake kwa macho yao wenyewe.

Chukulia familia ya watu watano kutoka Nakuru iliyokodi vyumba katika pwani ya kaskazini ya Mombasa, huku nia yake ikiwa kuizuru mbuga ya baharini ya Kisite, karibu na mpaka wa Tanzania. Inaamka mapema, inapanga foleni ya feri ya Likoni, inashika barabara ya Lunga Lunga na kufika Shimoni saa tano za mchana. Kufikia wakati huo upepo umekwisha kuamka na bahari imechafuka. Watoto wawili wanatapika chomboni, wa tatu anakataa katakata kuingia majini. Jioni wanarejea hotelini wakiwa hoi, na akiba ya mwaka mzima imeishia barabarani.

Hapana aliyewalaghai. Hoteli ilikuwa safi na chakula kilikuwa kitamu. Kosa lao ni kwamba walichagua kitanda kwanza, kisha wakaanza kuitafuta bahari.

Mpangilio ufaao ni kinyume cha huo. Msafiri anayekusudia kuona matumbawe hana budi kuamua kwanza ni mwamba upi anaoutaka, kisha aulize ni msimu gani mwamba huo unapoonekana vyema, halafu atazame saa za maji kupwa na kujaa. Akishayajua hayo matatu, suala la mahali pa kulala hujitatua lenyewe, kwa kuwa malazi bora ni yale yanayomwezesha kufika mwambani kwa saa ambayo bahari yenyewe imeichagua.

Mwamba ulio hai

Matumbawe huonekana kama mawe, lakini hujengwa na wanyama wadogo mno wanaoishi kwa makundi na kujijengea maskani ya chokaa. Ndani ya miili ya wanyama hao huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kukigawa kwa mwenyeji wake. Ndiyo sababu matumbawe mengi hustawi katika maji yenye joto, yasiyo na kina kirefu na yasiyo na tope. Palipo na tope, mwanga haupiti. Na pasipo mwanga, mwamba hudhoofika.

Tabia hiyo ndiyo inayoeleza ramani ya miamba humu nchini. Kutoka Shimoni hadi Malindi, mwamba umeandamana na ufuo kama ua, ukikatika hapa na pale kwenye midomo ya hori na mito. Kaskazini mwa Malindi, mito ya Sabaki na Tana humwaga udongo mwingi baharini, na ule ua wa matumbawe hukatika kwa masafa marefu.

Katika sehemu nyingi, kati ya ufuo na mwamba huwapo maji matulivu yaliyokingwa na mawimbi. Hapo anayejifunza anaweza kuelea bila hofu kubwa. Kwingineko, kama vile Kisite, mwamba uko mbali na nchi kavu, hauna ua wa kuukinga, na hufikiwa kwa chombo pekee. Tofauti hii ndiyo ya kwanza kuzingatiwa. Mwenye watoto wadogo au wazazi wazee atafute maji yaliyokingwa. Mwogeleaji mzoefu anaweza kwenda mbali zaidi.

Pepo mbili, bahari mbili

Wenyeji wa Pwani hawauhesabu mwaka kwa kalenda pekee, bali pia kwa pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Katikati yake ni majira ya mpito, ambapo upepo hulegea na bahari hutulia.

Wakati wa kusi, hasa miezi ya Mei, Juni na Julai, bahari huwa na mawimbi makubwa, maji hukosa uangavu, na mwani mwingi hutupwa ufuoni. Bei za vyumba hushuka miezi hiyo, na wapo wasafiri wanaodhani wamepata bahati. Bei hiyo ina sababu yake. Anayetaka kupumzika na kusoma vitabu atafaidika nayo, lakini anayetaka kuona samaki anaweza kukaa siku tano bila nahodha yeyote kukubali kung'oa nanga.

Kuanzia Oktoba hadi Machi ndicho kipindi ambacho kwa kawaida maji huwa maangavu zaidi. Hata hivyo, kanuni hiyo ina hitilafu moja inayowakwaza wengi, nayo ni Malindi. Mvua za vuli hunyesha bara mnamo Oktoba hadi Desemba na kuujaza mto Sabaki, ambao unaingia baharini kaskazini mwa mji huo. Upepo wa kaskazi ukianza, husukuma maji hayo mekundu kuelekea kusini, moja kwa moja hadi kwenye mwamba wa Malindi. Kwa hivyo yule anayekwenda huko kwa ajili ya matumbawe wiki ya Krismasi, baada ya mvua kubwa, anaweza kukuta bahari yenye rangi ya chai ya maziwa. Kabla ya kulipa, simu moja kwa mwenyeji kuuliza rangi ya maji ina thamani kuliko picha mia moja.

Saa ya maji

Jambo la tatu, na ambalo wageni wengi wa kutoka bara hawalifikirii kamwe, ni maji kupwa na maji kujaa. Bahari ya Pwani ya Kenya hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi kutoka siku moja hadi nyingine. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua. Wakati huo maji hupanda sana na kushuka sana, na mjini Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Mwezi unapokuwa nusu, huja maji mafu, na tofauti hiyo hupungua mno.

Siku za bamvua, maji huwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano za asubuhi. Wakati huo, katika fuo nyingi, mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi karibu na mwamba, na vyombo vingine hulala mchangani vikisubiri maji. Penye kina kifupi, mwogeleaji hujikuta akiyakwaruza matumbawe kwa tumbo na magoti. Penye milango ya mwamba na midomo ya hori, maji yanayoingia na kutoka huwa na mkondo wenye nguvu. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa hizo hizo za asubuhi bahari huwa imejaa, lakini mkondo wake ni hafifu.

Katika miamba iliyokingwa, kama ya Watamu na Mombasa, wakati mzuri kwa kawaida ni saa chache zinazozunguka maji kupwa, mradi kupwa kwenyewe kusiwe kwa kupindukia. Mwamba wa nje huwa umeinuka na kuyazuia mawimbi, na matumbawe huwa karibu na macho. Siku tatu au nne baada ya kilele cha bamvua, maji hupwa karibu na adhuhuri, jua likiwa utosini na mwanga ukipenya hadi chini. Anayepanga safari ya siku chache atafanya vyema kuitazama kalenda ya mwezi kabla ya kuomba ruhusa kazini.

Hapa ndipo umuhimu wa malazi unapojitokeza. Ikiwa maji yanapwa saa tatu za asubuhi na hoteli iko mwendo wa saa mbili kutoka mwambani, msafiri atalazimika kuondoka gizani. Aliyelala jirani na ufuo husika anapata kifungua kinywa chake taratibu, anaona mwenyewe upepo umelalia wapi, na asipopendezwa na bahari ya leo anangoja ya kesho. Ukaribu humnunulia mtu kitu ambacho hoteli ya kifahari iliyo mbali haiwezi kukiuza, yaani uwezo wa kusubiri.

Watamu na Malindi

Mbuga za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka wa 1968, na ndizo za kwanza za aina hiyo nchini. Kwa familia inayoanza, Watamu ina sifa ambazo ni vigumu kuzipata kwingineko. Ghuba zake zimetenganishwa na visiwa vidogo vya mawe, maji yaliyo ndani ya mwamba ni matulivu msimu wa kaskazi, na bustani za matumbawe ziko umbali wa dakika chache kwa mashua kutoka ufuoni. Kijijini kuna hoteli kubwa, nyumba za kukodi na gesti za bei nafuu, zote katika eneo dogo linaloweza kuzungukwa kwa bodaboda au tuktuk.

Kwa wale wa familia wasiopenda maji, hori ya Mida na mikoko yake iko hapo hapo, msitu wa Arabuko-Sokoke uko jirani, na magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka wa 2024, hayako mbali. Huu si mjadala mdogo. Safari nyingi za baharini huharibika kwa sababu mtu mmoja alilazimishwa kuingia chomboni ilhali hakutaka.

Malindi, iliyo kaskazini yake, ni mji wenye uwanja wa ndege, masoko na malazi ya kila kiwango. Mbuga yake iko kusini mwa mji. Mwamba huo una mengi ya kuonyesha maji yanapokuwa safi, lakini kutokana na habari ya Sabaki iliyoelezwa hapo juu, ni busara kwa mtu wa Desemba kulala Watamu na kuizuru Malindi kwa siku moja, badala ya kulala Malindi kwa matumaini.

Mombasa na Kuruwitu

Mbuga ya Baharini ya Mombasa, iliyotengwa mwaka wa 1986, iko mbele ya fuo za Nyali na Bamburi. Ukubwa wake ni kilomita 10 za mraba, na imezungukwa na hifadhi yenye kilomita 200 za mraba. Tofauti ya maneno hayo mawili ina maana kubwa. Ndani ya mbuga, uvuvi wowote umepigwa marufuku. Ndani ya hifadhi, uvuvi wa asili unaruhusiwa. Kwa kawaida samaki wakubwa na wasioogopa watu huonekana zaidi mbugani.

Uzuri wa kulala upande huu ni wepesi wake. Anayeshuka garimoshi la SGR katika kituo cha Miritini hufika hotelini siku hiyo hiyo bila taabu nyingi, na boti za sakafu ya kioo huondoka ufuoni kila maji yanaporuhusu. Mwenye siku mbili tu asiende mbali zaidi ya hapo. Hata hivyo, asitarajie uangavu wa maji ulio sawa na wa miamba iliyo mbali na jiji.

Kaskazini mwa Mtwapa, katika eneo la Vipingo, kuna mfano wa aina nyingine. Wavuvi wa Kuruwitu, baada ya kuona samaki wakizidi kupungua, waliunda chama mwaka wa 2003, na mwaka wa 2005 wakatenga hekta 30 za bahari yao wenyewe ambamo hawavui. Huu si uamuzi uliotoka serikalini. Ni watu waliojinyima ili mwamba upumzike. Malazi ya karibu ni machache na mengi ni nyumba za kukodi. Anayekaa huko hapati wingi wa anasa, lakini anaongozwa majini na watu wanaojua mwamba ulivyokuwa kabla na ulivyo sasa.

Diani na Kisite

Diani, kusini mwa Mombasa, huenda ndiyo inayowachanganya wasafiri zaidi. Ufuo wake ni miongoni mwa fuo zinazosifiwa mno Afrika, na mwamba umeukinga vyema. Wengi hudhani kwamba ufuo mzuri ni dalili ya mwamba mzuri. Si lazima iwe hivyo. Bahari ya Diani si mbuga. Hifadhi ya Diani-Chale iliyotangazwa mwaka wa 1995 ilipingwa vikali na haikutekelezwa ilivyokusudiwa, na uvuvi uliendelea.

Matokeo ya uvuvi mwingi hayaishii kwenye samaki wanaoliwa. Watafiti waliochunguza miamba ya Kenya kwa miaka mingi wameonyesha kwamba samaki aina ya kikande wakivuliwa kupita kiasi, wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu kama nungunungu, ambao ndio chakula cha kikande, huongezeka mno na kuutafuna mwamba. Mgeni anayekanyaga mwiba huo na kukaa siku mbili kitandani huwa analipa sehemu ndogo ya deni hilo.

Hii haina maana kwamba Diani haifai. Inafaa sana kama kambi. Kutoka hapo hadi Shimoni ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na safari za siku moja kwenda Kisite huuzwa karibu katika kila hoteli. Barabara ya Dongo Kundu imewaondolea wengi foleni ya Likoni, na walio na haraka hushuka kwa ndege katika uwanja mdogo wa Ukunda. Familia inayotaka kuchanganya mchanga, michezo na siku moja ya matumbawe haitajuta kulala Diani, mradi ielewe kwamba mwamba bora haupo mbele ya chumba chake.

Ama yule ambaye matumbawe ndiyo shabaha yake kuu, afunge safari hadi mwisho wa njia: Shimoni au kisiwa cha Wasini. Mbuga ya Kisite ina ukubwa wa kilomita 28 za mraba, na hifadhi ya Mpunguti inayopakana nayo ina kilomita 11. Maji yake huwa maangavu msimu wa kaskazi, na pomboo huonekana mara kwa mara katika mkondo wa kwenda huko, ingawa mtu asiandikiane mkataba na pomboo.

Wasini ni kisiwa kisicho na magari. Wenyeji wake ni Wavumba, Waislamu wenye lahaja yao ya Kivumba na historia ndefu. Kwa vizazi vingi wamekuwa wakikinga maji ya mvua, kwa kuwa kisiwa hakina mto. Gesti zilizopo ni za kawaida, chumba kisafi chenye chandarua na feni pale umeme unaporuhusu, na chakula ni kile kilichotoka baharini asubuhi: kaa, samaki wa kupaka, wali wa nazi. Mgeni anatarajiwa kuvaa mavazi ya heshima akipita kijijini na asitafute pombe. Faida yake ni kwamba alfajiri, wakati mabasi ya watalii yangali barabarani, yeye huwa tayari chomboni. Anaweza kuwa na mwamba wote peke yake kwa saa nzima kabla ya umati kufika.

Hoteli, nyumba au gesti?

Aina ya malazi nayo ina hesabu zake. Hoteli ambayo bei yake hujumuisha milo yote na vinywaji huonekana nafuu kwenye karatasi. Lakini mtu anayekwenda baharini siku tatu kati ya tano hula chakula cha mchana chomboni au kisiwani, na pale hotelini hulipia sahani ambayo hakuigusa. Kwa msafiri wa mwambani, chumba chenye kifungua kinywa pekee, au kifungua kinywa na chajio, mara nyingi humwachia fedha za kukodi chombo kizuri zaidi.

Nyumba ya kukodi yenye jikoni huwafaa watu sita au wanane wanaochangiana. Wavuvi hupita asubuhi wakiuza pweza na changu, na mpishi wa mtaani hupatikana kwa makubaliano. Gesti humfaa kijana au wenzi wawili wasiojali mengi. La msingi ni kwamba fedha zinazookolewa kitandani zisiishie kwenye mafuta ya gari. Gesti ya bei ya chini iliyo umbali wa kilomita 60 kutoka mwambani si rahisi hata kidogo.

Kuna pia suala la idadi ya siku. Mtu aliyelipia usiku mmoja ameiwekea bahari sharti, na bahari haina mazoea ya kutii masharti. Aliyelipia siku tatu mahali pamoja ameipa nafasi ya kutulia. Ikiwa bajeti haitoshi kwa siku tatu katika hoteli kubwa, ni afadhali siku tatu katika gesti kuliko moja katika jumba.

Maswali kabla ya kulipa

Kabla ya kutuma amana, msafiri ana haki ya kuuliza maswali machache na kujibiwa waziwazi. Mwamba uko umbali gani, na unafikiwa kwa miguu, kwa mashua au kwa gari kwanza? Je, ni ndani ya mbuga au nje? Tarehe anazotaka ni za bamvua au za maji mafu, na vyombo huondoka saa ngapi siku hizo? Upepo ukikataa, safari huahirishwa au fedha hurudishwa? Anayejibu maswali hayo bila kigugumizi anaijua bahari yake. Anayejibu kwamba kila siku na kila saa ni nzuri anauza chumba tu.

Swali jingine ambalo ni wachache wanaolikumbuka ni majitaka ya hoteli huishia wapi. Sehemu kubwa ya ukanda wa Pwani imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, yenye matundu kama sifongo. Kinachomwagwa kwenye shimo lisilojengwa vyema hupenya ardhini na kuibukia baharini, ambako hurutubisha mwani unaoyasonga matumbawe. Hoteli yenye mtambo wa kusafisha majitaka hujivunia jambo hilo na haitasita kulieleza.

Kuhusu chombo, mtu ahesabu jaketi za kuokoa maisha kabla ya kupanda, na ahakikishe zipo za kimo cha watoto. Mamlaka ya Masuala ya Bahari nchini (KMA) ndiyo inayosajili na kukagua vyombo, na nahodha mwenye leseni hakasiriki akiulizwa. Ada za mbuga hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kupitia mtandao wa eCitizen. Mkenya abebe kitambulisho chake, kwani bila hicho hawezi kuthibitisha kwamba anastahili ada ya raia. Miwani nayo ijaribiwe nchi kavu: ikiwekwa usoni bila kufungwa mkanda, kisha mtu akivuta pumzi kwa pua, inapaswa kushika bila kuanguka. Ikianguka, itaingiza maji.

Deni la mgeni

Mwaka wa 1998 joto la bahari lilipanda kupita kiasi kutokana na El Nino, na matumbawe katika Bahari ya Hindi ya magharibi yakageuka meupe. Joto linapozidi, yale matumbawe huufukuza mwani unaoyalisha, nayo hubaki kama mifupa. Hali hiyo ikidumu kwa wiki nyingi, hufa. Katika sehemu nyingi za Kenya, zaidi ya nusu ya matumbawe yaliangamia mwaka huo. Miamba mingine ilianza kurejea, kisha joto likaja tena mwaka wa 2016 na mwaka wa 2024. Msafiri wa leo basi asishangae akikuta pahali pengine pamejaa rangi na pengine pamekuwa kifusi cha kijivu. Anautazama mgonjwa anayejitahidi kupona.

Mgonjwa huyo hahitaji kukanyagwa. Tawi la tumbawe lililochukua miaka mingi kukua huvunjika kwa teke moja la mtu aliyechoka na kutafuta pa kusimama. Asiyejua kuogelea avae jaketi na kuelea, wala asione haya. Shati la mikono mirefu huukinga mgongo dhidi ya jua kuliko mafuta ya kupaka, ambayo baadhi yake yana kemikali zinazoaminika kuyadhuru matumbawe. Makombe yaachwe yalipo, samaki wasilishwe mkate, na chupa za plastiki za kutumiwa mara moja, zilizopigwa marufuku katika mbuga na fuo tangu Juni 5, 2020, zibaki bara.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Shilingi ya msafiri anayelala karibu na mwamba hupita mikononi mwa nahodha, mpishi, mwenye gesti na mama muuza mahamri. Watu hao wakiona kwamba samaki aliye hai majini huwaletea riziki mwaka baada ya mwaka, watakuwa wa kwanza kumzuia anayekuja na nyavu haramu. Yule anayelala mbali, akaja kwa basi na kuondoka kwa basi, huacha kidogo mno nyuma yake.

Familia ile ya Nakuru haikuhitaji fedha zaidi. Kwa akiba ile ile, ingelala Shimoni siku tatu msimu wa kaskazi, katika gesti isiyo na kidimbwi. Siku ya kwanza upepo ungekataa. Siku ya pili, saa mbili za asubuhi, bahari ingetulia kama maji ya mtungini, na yule mtoto aliyeogopa angetia uso majini akiwa ameshikwa mkono na nahodha, akaona kundi la kitatange likipita chini yake. Kwa jambo hilo moja, kidimbwi cha hoteli kisingekumbukwa tena.